Kisukari cha mtoto: hatari ya ujuzi kubaki kwa mtu mmoja nyumbani

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza huhitaji insulini kila siku, maisha yake yote. Akidungwa sindano mbili tu kwa siku, kwa mwaka zinazidi 700. Mara nyingi zote huwa mikononi mwa mtu mmoja, aghalabu mama, na siku mama huyo anaposafiri kwenda msibani au anapolazwa yeye mwenyewe, nyumba nzima hubaki haijui la kufanya.

Ugonjwa huu hautokani na kula sukari nyingi wala na uzembe wa wazazi. Kinga ya mwili huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na pasipo insulini mwili hauwezi kuitumia sukari iliyomo katika damu. Kabla ya dawa hiyo kugunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, watoto hawa walikuwa wakifariki. Dawa za mitishamba haziwezi kuchukua nafasi yake. Hata mtoto anapougua malaria na kukataa chakula, insulini haiachwi. Kinachobadilika ni kipimo, kwa ushauri wa mganga.

Ugumu mkubwa huonekana wakati wa kula. Kipimo cha sindano hufuata kiasi cha wanga anachokula mtoto, ilhali katika nyumba nyingi za Waswahili watu hulizunguka sinia moja. Nani atajua mtoto ametwaa matonge mangapi? Kumtenga kunamwumiza. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kumpimia wali au ugali wake kwa kikombe kilekile kila siku, katika sahani yake, naye akaketi mkekani pamoja na wenzake. Kazi inayobaki ni kumweleza bibi, ambaye kwa mapenzi tu humpenyezea mjukuu andazi.

Kuihifadhi dawa nako kunategemea mahali. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa katika friji, nyuzi joto 2 hadi 8, wala isigande. Pasipo umeme, hasa katika joto la Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, chungu husaidia: chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, katikati hujazwa mchanga unaoloweshwa kila siku, na chupa hufungwa katika mfuko usiopitisha maji. Safarini, insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Hatari inayokuja kwa ghafla ni sukari kushuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, kwa mfano mtoto anapochelewa kula baada ya sindano au anapocheza mpira kwa muda mrefu. Hutetemeka, hutokwa jasho, huwa mkali bila sababu. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia, asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja. Hofu ya hali hii ndiyo inayowaamsha akina mama saa nane za usiku kupima damu ya mtoto aliyelala, na asubuhi kazi za nyumbani zinawangoja vilevile.

Ndiyo maana inafaa baba, shangazi au kaka mkubwa naye ajifunze kudunga na kupima, tena aende kliniki asikie mwenyewe, wala asisimuliwe tu. Mama apate walau usiku mmoja wa kulala.

Mtoto naye hukua. Katika miaka ya kubalehe mahitaji ya insulini hupanda, na wakati huohuo kijana huanza kuona haya kujidunga mbele ya wenzake. Mwezi wa Ramadhani hutaka kufunga kama wao, ingawa dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Azungumze na daktari mapema, kwani kudunga kipimo cha kawaida bila kula kunaweza kumwangusha. Kumwachia sindano zote kwa siku moja ni kosa. Kwanza ajidunge mkubwa akitazama, na daftari la vipimo liendelee kukaguliwa.

Shuleni, angalau mwalimu mmoja ajue: asimnyime ruhusa mtoto anayeomba kwenda chooni mara kwa mara, na asimwadhibu kwa pakiti ya sukari iliyomo mfukoni mwake.