Sauti Ngeni Katika Pikipiki Iliyotumika

Msimu wa karafuu unapokaribia wengi wetu hutafuta pikipiki ya kwendea shamba na kuchukulia magunia mpaka kituoni. Mpya ni ghali, basi hununuliwa iliyokwisha tumiwa, nayo haikosi kuja na sauti yake. Yafaa tujue namna ya kuisikiliza sauti hiyo kabla ya kwenda kwa fundi, kwani khasara nyingi hutokana na kufungua mahali pasipo na ubovu.

Nitaanza na yaliyonipata mimi. Nilinunua pikipiki ya cc 125, na siku ya tatu ikaanza kugonga: ko, ko, ko, khasa nikiteremka kilima. Nikampelekea fundi. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema konrodi imekwisha. Injini sharti ishushwe na kufunguliwa yote. Bei aliyoitaja ilizidi thamani ya gunia zima la karafuu kavu. Nikamwomba anipe siku moja nifikiri.

Swali la kwanza, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni hili: sauti inafuata injini au inafuata gurudumu? Simamisha pikipiki, iweke nyutro, uvute mafuta kidogo kidogo. Ikiwa sauti inakuja na kuongezeka pamoja na mwendo wa injini, ubovu umo katika injini au karibu nayo. Ikiwa imesimama na husikii kitu, tafuta njia tupu yenye mteremko mdogo, wakati wa mchana, bila mzigo. Ikishika mwendo bana klachi, injini ibaki ikinguruma polepole. Usizime injini wala usiguse ufunguo, kwani katika pikipiki nyingi ufunguo huohuo ndio unaofunga usukani. Kama sauti inaendelea kwa kadiri ya mwendo wa magurudumu, basi injini haina kosa. Tafuta katika cheni, sproketi, breki au beringi za magurudumu.

Yangu iliendelea kugonga klachi ikiwa imebanwa. Hapo nikajua kwamba habari ya konrodi si kweli.

Jambo la pili ni kuhesabu. Zima injini, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, iweke nyutro, kisha tia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Zungusha kwa mkono polepole, na vidole viwe mbali na cheni, maana sproketi haijui kidole. Ikiwa inagonga mara moja kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, tazama rimu, ngoma ya breki, na meno ya sproketi ya nyuma. Ikiwa inagonga mara mbili tatu katika mzunguko mmoja, tazama sproketi ndogo ya mbele. Lakini ikiwa gurudumu huzunguka zaidi ya mara mbili ndipo ikagonga, kosa limo katika cheni yenyewe. Sababu ni hesabu tu: sproketi ya nyuma ikiwa na meno 40 na cheni ikawa na pingili 110, pingili moja hurudi mahali pake baada ya gurudumu kuzunguka mara mbili na robo tatu.

Yangu ilikuwa hivyo hasa. Nikaipitia cheni pingili kwa pingili, nikaikuta moja imeshika kutu haikunjiki, nayo ni jirani ya pingili ya kuungia. Na kile kibanio cha kuungia kilikuwa kimetiwa kinyume! Upande wake uliozibwa ndio unaopasa kutangulia kule cheni inakokwenda, na ule uliopasuka ufuate nyuma. Kikitiwa kinyume, chochote kitakachokigusa chaweza kukichomoa, na cheni ikafunguka. Cheni ikifunguka katika mteremko yaweza kujikunja kati ya sproketi ndogo na ganda la injini, ikapasua ganda na kuzuia gurudumu la nyuma lisizunguke. Mwenye kuteremka na gunia nyuma yake hahitaji kuelezwa zaidi. Nami nilikwisha pita vilima vyetu siku tatu hali hiyo, na siku moja nilimpakia mtoto.

Mkiwa hapo pimeni na uchakavu wa cheni. Ivute kwa nyuma, pale katikati ya mzingo wa sproketi kubwa. Ikiachana na sproketi hata jino likaonekana nusu, imekwisha. Au tumia futi: cheni ya namba 428, ambayo pikipiki ndogo nyingi huitumia, kutoka pini moja mpaka ya pili ni milimita 12.7, kwa hiyo pingili 20 ni milimita 254. Zikifika 259, itupwe. Badilisha na sproketi zote mbili pamoja, kwani meno yaliyolika huiharibu cheni mpya upesi. Najua ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kushusha injini.

Sasa, ikiwa sauti ni ya injini kweli, pia haina haja ya kukimbilia kufungua. Bana klachi ukiwa nyutro: sauti ikikoma, tazama upande wa klachi na beringi ya gia. Ikiwa inagonga injini ingali baridi, kisha inapungua ikipata moto, huenda ni pistoni iliyolegea katika silinda, na hiyo yaweza kungoja mpaka msimu umalizike. Mlio mwembamba juu ya injini, tik tik tik, kwa kawaida ni tapeti. Lakini hakikisha kwanza kwamba si moshi unaovuja mahali bomba linapoungana na injini, kwa kuwa milio hiyo miwili inafanana sana. Moshi ukivuja huacha alama nyeusi ya masizi.

Na katika tapeti kuna jambo linalowadanganya watu. Tapeti iliyolegea hupiga kelele. Iliyobana haina kelele kabisa, nayo ndiyo mbaya zaidi, maana valvu haifungi sawasawa, moto hupita kando yake na kuiunguza. Basi msimwambie fundi abane mpaka kuwe kimya. Honda CG125 hutaka nafasi ya milimita 0.08, ikipimwa injini ikiwa baridi. Pikipiki nyingine ina kipimo chake.

CG125 hiyo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na nyingi zilizoigwa kwayo, valvu zake husukumwa na fito za chuma. Ndani ya injini hamna cheni ya taimingi. Fundi akikuambia cheni ya taimingi ya injini ya namna hiyo imelegea na anataka fedha ya kununua nyingine, mshukuru, uchukue pikipiki yako uende zako.

Iko sauti moja ambayo haingoji. Ni mgongo mzito unaotoka chini ya injini, unaozidi ukipanda kilima na mzigo. Hiyo yaweza kuwa konrodi ya kweli. Zima, shuka, uisukume. Kabla ya lolote tazama oili, kwa sababu injini nyingi za namna hii huchukua kiasi cha lita moja tu, na ikipungua kidogo ni pungufu kubwa. Ukiimwaga, imwage katika chombo cheupe ukaitazame juani. Ikiwa na vumbi linalong'aa, usiiwashe tena injini hiyo. Hapo ndipo pa kumwita fundi aishushe.