Namba 43 Mnazo?

Ingia kwenye kurasa za Instagram zinazouza viatu vya kike Dar es Salaam, achana na picha, soma maoni. Wengi wanauliza bei, kwa kuwa wauzaji wetu wana ugonjwa wa kuificha na kumwita mteja inboksi. Katikati yao hujitokeza mmoja anayeuliza: "Namba 43 mnazo?" Mara nyingi hajibiwi. Akijibiwa, anaambiwa mwisho ni 41.

Biashara imejificha kwenye swali hilo. Anayeanza kuuza mtandaoni huwa anatazama kwingine: magauni, pochi, kava za simu, krimu, akiamini kuwa penye wauzaji wengi ndipo penye pesa. Pesa ipo, ila ina wenyewe. Wana wafuasi maelfu kwa maelfu, wanaagiza mzigo China bila kupitia kwa mtu, na wanaweza kushusha bei mwezi mzima wasitetereke. Mwenye mtaji wa laki tatu hapo atasindikiza tu. Akichagua kichochoro kimoja, tuseme viatu vya kike vya namba kubwa, au taa za nyuma za Toyota IST badala ya "spea za magari", atapata wateja wachache, lakini waliokwisha kuzunguka mji mzima. Mtu aliyezunguka hivyo habishani sana bei.

Jeff Bezos alianza hivyohivyo. Mwaka 1994 aliorodhesha bidhaa zipatazo 20 zinazoweza kuuzwa kwa intaneti, akaangukia vitabu, kwa sababu vilivyochapishwa duniani ni vingi kuliko rafu za duka lolote. Duka lake la mtandaoni, Amazon, lilifungua milango Julai 1995 likiuza vitabu tu.

Uchunguzi wenyewe hauna gharama kubwa. Google Trends ni bure na inakuonyesha neno linatafutwa msimu gani, lakini kwa maneno ya Kiswahili ya bidhaa ndogondogo grafu yake aghalabu huwa tupu. Usikate tamaa kwa hilo: mnunuzi wetu anaulizia zaidi kwenye Instagram, TikTok na magrupu ya WhatsApp. Kinachofaa zaidi ni maktaba ya matangazo ya Meta, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Kila tangazo linaloendelea lina tarehe lilipoanza. Muuzaji anayelipia tangazo lilelile kwa mwezi wa tatu mfululizo huenda ameona faida; wa siku nne bado anajaribu bahati. Baada ya hapo chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila swali lililokosa jibu kwenye kurasa kumi zinazouza bidhaa unayoilenga, pamoja na mkoa anaotoka muulizaji.

Ukishapata kichochoro, kipeleke kwa hakimu wa kwanza, naye ni bodaboda. Kava ya simu iliyonunuliwa 2,000 na kuuzwa 5,000 haiwezi kubeba nauli ya 3,000 hata mteja akubali kuchangia. Viatu vinaweza, lakini navyo tuvipigie hesabu. Tuseme umechukua jozi 10 kwa 22,000 kila moja, unauza 40,000, mteja analipa nauli. Wateja 10 wameagiza. Wawili, bodaboda imefika getini, simu hazipokelewi. Jozi 8 zimekupa 144,000 juu ya bei ya kununulia. Toa tangazo 60,000, toa nauli ya safari mbili za bure 10,000, toa mifuko, bando na makato ya kutoa pesa 14,000. Umebaki na 60,000 na jozi mbili kabatini. Wanaojisifu kwa faida ya 18,000 kwa jozi hawajawahi kupiga hesabu hii hadi mwisho.

Kwa wanaovutiwa na krimu za kung'arisha ngozi, wajue kuwa tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na hydroquinone na zebaki ni marufuku. Kichochoro hicho kina polisi mwishoni.

Nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikaulizia namba 43 na 44 kwenye duka la jumla. Kijana wa kaunta alicheka. "Hizo hazitoki, kaka. Hakuna anayeziulizia." Na kweli, dukani kwake pengine hakuna. Mwanamke aliyeambiwa "hatuna" mara kumi mbele ya watu haingii tena dukani kuuliza. Anauliza usiku kwenye simu, mahali ambapo kijana yule hamuoni. Nyuma, chini ya maboksi, alikuwa na jozi sita za zamani. Akanipunguzia bei bila kuombwa, ili tu zimwondokee.