Picha ya Mji Jioni na Usiku: Ipige kwa Wakati Wake



Siku hizi watu wengi vijijini wana simu zenye kamera. Tukienda mjini kwa mkutano, kwa matibabu au kwa maonyesho, tunapenda kurudi na picha. Picha inayotushinda wengi ni ya mji wakati jua linapozama, au ya mji usiku taa zikiwaka. Kwa macho tunaona kitu kizuri. Lakini picha tunayorudi nayo nyumbani ni giza tupu.

Mimi pia ilinishinda. Mimi ni Bwana Shamba, si mpiga picha. Nililazimika kujifunza kwa sababu ya mama mmoja. Kwanza nitakueleza habari zake, kisha nitakueleza niliyojifunza.

OMBI LA MAMA

Katika kijiji ninachohudumia, mkoani Singida, yupo mama mmoja mzee ambaye ni mkulima wa alizeti. Mwanawe wa mwisho ni mlinzi wa usiku katika jengo la ghorofa mjini Dar es Salaam. Kijana huyo hutuma fedha kwa simu kila anapoweza, lakini alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka 3. Mama naye ana maumivu ya magoti. Hawezi kukaa ndani ya basi siku nzima.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilifuatana na wakulima wetu kwenda kwenye Maonyesho ya Sabasaba. Kabla ya safari mama yule alikuja kwangu. Akasema, "Bwana Shamba, mwanangu anafanya kazi usiku. Niletee picha ya mji usiku, nione mahali anapokesha."

Niliona ni kazi ndogo. Nikiwa Dar es Salaam, saa 3 usiku, nilisimama ufukweni. Nilishika simu kwa mkono mmoja nikapiga picha 8. Sikuzitazama vizuri.

Niliporudi kijijini nilimwonyesha mama. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hapa hapana nyumba? Hii ni giza na moto wa nyika."

Alisema kweli. Taa zilikuwa zimevutika kama mistari ya moto. Majengo hayakuonekana, na anga ilikuwa nyeusi kama sufuria. Mama hakulalamika. Alinishukuru akaenda zake. Baadaye nilisikia kwamba hakupata usingizi kwa siku kadhaa. Alidhani mwanawe analinda katika giza la namna ile.

Ndipo nilipoona kwamba picha mbaya si jambo dogo. Picha inaweza kusema uongo, hata kama aliyeipiga hakukusudia.

KAMERA HUKINGA MWANGA

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa picha katika mji wa wilaya yetu. Yeye hupiga picha za harusi na za vitambulisho. Nilimwonyesha zile picha 8, akacheka. Kisha akanieleza hivi:

Kamera ni kama ndoo inayokinga maji ya mvua. Mvua ikiwa kubwa, ndoo hujaa mara moja. Mvua ikiwa ya manyunyu, lazima uiache ndoo kwa muda mrefu. Mchana mwanga ni mwingi, kwa hiyo kamera hufungua jicho lake na kulifumba upesi sana. Usiku mwanga ni kidogo. Kamera hulazimika kuacha jicho wazi kwa muda mrefu zaidi, pengine hata sekunde nzima au zaidi.

Sasa fikiri. Ikiwa jicho la kamera liko wazi na mkono wako unatikisika, kila taa huhama kidogo. Badala ya kuonekana kama nukta, huonekana kama mstari. Hiyo ndiyo sababu ya moto wa nyika katika picha zangu.

Jambo hili si geni. Picha ya kamera ya kale kuliko zote zilizobaki duniani ilipigwa Ufaransa mwaka 1826 au 1827 na Joseph Nicéphore Niépce. Ni picha ya mapaa ya nyumba, aliyoipiga kutoka dirishani. Wakati ule vifaa vilikinga mwanga polepole mno. Kamera yake ilibaki palepale kwa saa nyingi ndipo picha ikapatikana. Sisi leo tunatakiwa kutulia kwa sekunde chache tu.

WAKATI WA KUPIGA

Mkulima anajua kwamba mbegu nzuri ikipandwa nje ya wakati haileti mavuno. Picha ya mji ni vivyo hivyo. Simu ya bei kubwa haisaidii kitu ikiwa umefika saa isiyofaa.

Nyakati ni 3:

Wakati wa kwanza ni jua linapokaribia kuzama. Anga huwa na rangi ya dhahabu na nyekundu. Majengo yaliyo mbele ya jua huonekana meusi, lakini umbo lake huonekana wazi. Hii ni picha nzuri ya maumbo.

Wakati wa pili ni dakika 15 hadi 25 baada ya jua kuzama. Anga huwa ya buluu iliyoiva. Taa za mji zimewaka, lakini giza bado halijaingia. Mwanga wa anga na mwanga wa taa vinakaribia kulingana. Kamera inaweza kuona vyote viwili: kuta za majengo na taa zake. Huu ndio wakati bora kuliko wote.

Wakati wa tatu ni giza kamili. Anga ni nyeusi, na kinachoonekana ni taa peke yake. Picha inaweza kupatikana, lakini ni ngumu zaidi. Mimi nilikuwa nimekwenda wakati huu.

Kumbuka kwamba nchi yetu iko karibu na ikweta. Kwetu jua hushuka karibu wima, na giza huingia haraka. Katika nchi za mbali na ikweta mwanga wa jioni hukaa muda mrefu zaidi. Sisi hatuna nafasi hiyo. Ukichelewa kwa kunywa chai, wakati umepita.

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kufuatana na majira ya mwaka. Mwanzoni mwa Julai huzama karibu saa 12:20. Basi wakati bora siku hizo ni kama saa 12:35 hadi 12:45. Ni dakika 10 tu. Fika mapema usubiri.

MAHALI PA KUSIMAMA

Ukiwa katikati ya mji huwezi kuuona mji. Ni kama kutaka kuona shamba lote huku umesimama ndani ya mahindi. Lazima utoke nje yake, utazame ukiwa mbali kidogo.

Kwa Dar es Salaam, mahali pazuri ni Kigamboni. Unavuka maji kwa kivuko kwa dakika chache. Ukigeuka nyuma utaona mji wote mbele yako, upande wa magharibi, na jua linashukia huko. Utaona jengo refu la Mamlaka ya Bandari lenye ghorofa zaidi ya 30, na majengo mawili pacha ya Benki Kuu. Kati ya majengo mapya utaona mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Mbele yake ni maji, na taa za mji huonekana mara mbili: juu mjini na chini majini.

Jua halizami mahali pamoja mwaka mzima. Wakulima mnalijua hili. Ukitazama magharibi mwezi wa Juni, jua huzama kulia zaidi. Mwezi wa Desemba huzama kushoto zaidi. Chagua pa kusimama kwa kulifuata.

HATUA ZA KUFUATA

1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini na kikavu. Mafuta ya vidole hufanya taa zienee kama ukungu.

2. Zima taa ya kamera. Taa hiyo hufika hatua chache tu mbele yako. Haiwezi kuangaza mji ulio ng'ambo ya maji.

3. Egemeza simu mahali imara: juu ya ukuta, jiwe au kiti. Mfuko mdogo wa mchele au mchanga unafaa sana kuishikilia. Kama una stendi ya miguu mitatu, ni bora zaidi.

4. Tumia kipima muda cha kamera. Weka sekunde 3 au 10. Unabonyeza, unaondoa mkono, kamera inapiga yenyewe bila kutikiswa.

5. Jua likiwa bado linaonekana, gusa kwenye kioo cha simu sehemu ya anga yenye mwanga. Simu nyingi zitapunguza mwanga, na rangi za anga zitabaki. Ukigusa jengo lenye giza, anga itakuwa nyeupe.

6. Usivute picha karibu kwa vidole. Ukivuta sana, picha huwa na chenga. Ni afadhali usogee kwa miguu.

7. Hakikisha mstari wa maji umelala sawa. Mji usionekane kama unamwagika.

8. Piga picha kadhaa, kisha uzitazame palepale. Usifanye kama nilivyofanya mimi.

Simu nyingine zina sehemu maalumu ya kupiga picha usiku. Itumie ukiwa nayo, lakini hiyo pia inataka utulivu wa sekunde kadhaa. Na usitazame jua moja kwa moja kwa macho. Jua huharibu macho.

SHERIA NA USALAMA

Si kila mahali panaruhusiwa kupigwa picha. Ikulu iko karibu na kivuko upande wa mjini. Upande wa Kigamboni ipo kambi ya jeshi la majini. Usielekeze kamera huko, wala kwa askari walio kazini. Bandarini na ndani ya kivuko usipige picha kabla ya kupata ruhusa. Ukiwa na shaka, uliza wahusika kwanza. Kuuliza si ujinga.

Usiende ufukweni peke yako usiku na simu mkononi. Nenda na mwenyeji, na mrudi mapema.

MAMA ALIPOONA

Mwaka uliofuata nilikwenda tena Sabasaba. Safari hii nilimtafuta yule kijana. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Tulivuka pamoja kwenda Kigamboni, tukaulizia mahali panaporuhusiwa. Tuliegemeza simu juu ya ukuta mfupi, tukasubiri. Jua lilizama. Watu wengi walitaka kuondoka, wakidhani uzuri umekwisha. Sisi tulikaa. Saa 12:38 taa zilikuwa zimewaka na anga ilikuwa bado ya buluu. Tukapiga.

Kijijini nilimpa mama picha iliyochapwa kwenye karatasi. Akauliza, "Lipi ni lake?" Nikamwonyesha kwa kidole. Mama alihesabu madirisha yenye taa, moja moja, kama alivyojifunza kuhesabu katika darasa la watu wazima. Alipomaliza alisema, "Kumbe pana mwanga."

Kisha akanishangaza. Alisema, "Na mimi nipige hapa mlangoni. Nipige jua likiisha kuzama, kama ulivyofanya huko. Nataka aone kwamba huku nako taa inawaka, na mlango haujafungwa."

Nilirudi jioni ile na mfuko wangu wa mchele. Dakika 20 baada ya jua kuzama nilimpiga picha, taa ya umeme ikiwa juu ya mlango wake na anga ya buluu juu ya paa. Tuliituma kwa simu usiku uleule. Kijana alikuwa kazini. Alijibu kwa maneno machache: "Nimeuona mlango. Nitakuja Desemba."

Alikuja.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini taa huonekana kama mistari ukipiga picha usiku na mkono unatikisika?
2. Ni wakati gani bora wa kupiga picha ya mji jioni? Kwa nini?
3. Taja mahali ambapo hupaswi kupiga picha bila ruhusa.
4. Kama una ndugu aliye mbali, ungependa aone picha gani ya nyumbani kwako? Ungeipiga saa ngapi?