Mkasi Una Msimu Wake

Nyumba nyingi zinagombana kwa sababu ya simu, pesa au mawifi. Sisi tuligombana kwa sababu ya maua. Siku nne nzima, chai inaandaliwa, inanywewa, hakuna anayemsemesha mwenzake!

Kando ya geti letu hapa Dar es Salaam kuna bogonvilia ya zambarau. Ilikuja kama kijiti kutoka Tanga, nyumbani kwa marehemu mama mkwe. Kila mwaka masika yakikatika na kipupwe kikiingia, inafunika ukuta mzima. Sasa mwanzoni mwa Juni, wiki tatu kabla ya kicheni pati ya wifi yangu, ambayo ilikuwa ifanyike kwetu, nikaona matawi yamezidi, miiba inachoma wageni. Nikamwambia kijana wa bustani, "Kata, pawe nadhifu." Akakata kweli kweli, tena kwa panga.

Jioni mume wangu akasimama getini, kimya. Kisha akasema, "Mdogo wangu alitaka apigwe picha chini ya maua ya mama." Badala ya kuomba radhi, nikajitetea: si yataota tena!

Kuota yaliota, ila si kwa wiki tatu. Sherehe ilifana, lakini wifi alipiga picha mbele ya vijiti vyenye majani machanga. Alitabasamu tu, hakusema kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikamfuata mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Akacheka. "Mwanangu, mti hujauua. Umekata maua yaliyokuwa njiani."

Siri yenyewe ni hii. Bogonvilia huchanua kwenye machipukizi mapya. Ukiikata, inaanza upya: ichipue, matawi yakomae, ndipo ichanue. Hesabu wiki sita mpaka kumi. Na ile rangi tunayoishangaa si ua, ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Tena ina stori ya mapenzi! Mwaka 1767 ilichukuliwa Rio de Janeiro, Brazil, na Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea. Melini alikuwa na mpenzi wake, Jeanne Baret, aliyejifanya mwanaume ili aruhusiwe kusafiri. Ndiye mwanamke wa kwanza anayefahamika kuizunguka dunia.

Haya shoga, shika kalenda ya sisi wa Pwani:

Bogonvilia: Mkato mkubwa ufanye Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajashika. Mvua zitaikuza, kipupwe kitaichanua. Baada ya hapo, punguza ncha kidogo kila maua yanapomaliza. Mvua zikikatika usiimwagilie kila siku. Maji mengi huleta majani, si maua.

Waridi: Ua likinyauka, likate pamoja na sehemu ya kikonyo, juu kidogo ya jani lenye vijani vitano. Una shughuli? Rudi nyuma wiki sita mpaka nane, ndiyo siku ya kukata.

Haibiskasi: Nayo huchanua kwenye matawi mapya. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo, na usiikate yote siku moja. Kata upande huu, upande wa pili usubiri.

Franjipani: Maua hukaa nchani. Ukikata ncha zote, msimu huo umeukosa. Iache, isipokuwa tawi limeoza au linagonga bati.

Mkrismasi: Unawaka Novemba na Desemba. Ukiukata Septemba au Oktoba, sikukuu utatazama majani. Subiri maua yapukutike.

Kama unaishi kwenye baridi, kama Arusha au Lushoto, ongeza wiki kadhaa, maana huko mimea huchipua polepole.

Katikati ya Agosti ukuta wetu ukawaka zambarau. Wifi alishaolewa, yuko Mwanza. Nilimkuta mume wangu nje anapiga picha kwa simu ili amtumie. Nikampelekea chai, nikamwambia, "Nisamehe. Ningekuuliza kwanza." Akapokea kikombe, akanisogezea kiti.

Ndipo nikaelewa kosa langu la pili. Jioni ile ya Juni mtu alikuwa na uchungu wa mama yake, mimi namkatisha kwa maneno. Mkasi juu ya mkasi! Kuna siku ya kueleza, na kuna siku ya kunyamaza ukasikiliza.

Julai ya mwaka uliofuata wifi alikuja na mtoto mgongoni, akasimama chini ya maua ya mama yake, tukampiga picha mpaka akachoka. Na Februari iliyofuata nilitoka na mkasi mkononi, nikamuuliza mume wangu, "Tukate?"

Akaangalia juu, akagusa tawi. "Subiri wiki mbili. Haya bado yana kazi."

Nikarudisha mkasi ndani.