Kuzunguka Dunia kwa Ndege

Watu wa kwanza waliozunguka dunia walisafiri kwa merikebu karibu miaka mitatu, tangu 1519 hata 1522. Wengi wao walikufa njiani kwa njaa na ugonjwa.

Mwaka 1980 Mwingereza mmoja, David Springbett, alitumia saa 44 na dakika 6 tu. Hakuwa na ndege yake. Alikata tikiti kama abiria wengine. Alitoka Los Angeles, Marekani, akaelekea maawio ya jua: London, Bahrain, Singapore, Bangkok, Manila, Tokyo, Honolulu, akarudi Los Angeles. Ni kilometa 37,124! Kuruka si kazi. Kazi ni kubadili ndege. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imekwisha kwenda, nayo haimngojei mtu mmoja.

Tena kuna jambo la ajabu. Mwenye kwenda mashariki husogeza saa yake mbele mara kwa mara. Je, atafika kwao siku moja mbele ya wenzake? Sivyo. Katika bahari ya Pasifiki watu wamepatana juu ya mstari usioonekana. Akiuvuka, hurudi nyuma siku nzima. Kwa hiyo anayetoka Tokyo jioni hufika Honolulu asubuhi ya siku ile ile.