Kadi Ibandikwe Ukutani: Tulivyoigusa Meza ya Alama

Kadi ya bunduki ya upepo inayotumika kwenye mashindano mengi ya vijana ina maduara kumi ya kuhesabiwa na mawili ya kujaribia. Kila duara la kuhesabiwa hupigwa risasi moja. Majira ya baridi miaka miwili iliyopita, siku ya Jumamosi, duara la saba la mwenzetu mmoja lilikutwa na matundu mawili, moja kwenye tisa na jingine kwenye sita. Kadi ya jirani yake wa kulia ilikuwa na duara moja tupu. Hapo hata mtoto angeelewa kilichotokea: jirani alipotewa, akapiga kadi isiyo yake. Lakini mezani kulikuwa na mtu mmoja, rundo la kadi na kahawa iliyopoa, na mtu huyo akaandika sita.

Mwenzetu alikosa nafasi ya tatu kwa alama mbili.

Jioni, mama yake ndiye aliyeuliza swali ambalo limetusumbua tangu siku ile.

"Kadi uliiona?"

"Niliiona, Mama."

"Ukanyamaza?"

"Mama, yule alikuwa mzee. Tena amevaa sare."

Wasomaji wasiojua mtaa wetu huenda wakamwona mwenzetu mwoga. Sisi tulimwelewa mara moja. Wengi wetu tumekulia South End ya Louisville, upande wa Iroquois Park na uwanja wa ndege, katika nyumba ambazo Kiswahili cha Fizi, cha Uvira, cha Bujumbura na cha Nairobi hugombania rimoti moja. Wazazi wetu wengine walipitia Nyarugusu, wengine Nakivale, wengine Kakuma. Kambini mwenye sare ndiye mwenye orodha, na anayebishana na orodha hurudi mwisho wa foleni. Heshima hiyo tuliipata kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo kanuni ikisema kwamba mshindani anaweza kuweka pingamizi ndani ya muda fulani, mara nyingi kwa kulipa ada ndogo, wako watoto wanaosikia haki, na wako watoto wanaosikia kitisho.

Kabla hatujaendelea, tukiri kwamba makala haya yalizua mjadala katika chama chetu. Wenzetu wawili hawakutaka neno bunduki lionekane kwenye jarida la Kiswahili. Sababu zao tunaziheshimu, maana ni sababu za nyumbani kwetu pia. Kuna mama aliyetia sahihi karatasi ya ruhusa ya shule huku mkono ukitetemeka, na alichouliza ni kimoja tu: je, hiyo bunduki italala nyumbani kwangu? Hailali. Hubaki shuleni, ndani ya kabati lenye kufuli, na ikiwa haitumiki hupitishwa kamba ya rangi kali ndani ya mtutu ili kila mtu aone kuwa haina kitu. Tulijadiliana hata maneno. Waliotoka Kongo husema masasi, waliotoka Tanzania na Kenya husema risasi. Mwishoni tulikubaliana kusema mchezo wa kulenga shabaha, kwa sababu ndivyo ulivyo: mtu anasimama mita 10 kutoka kwenye karatasi na kujifunza kutulia.

Mchezo wenyewe umeenea kuliko wengi wetu tulivyodhani. Shule nyingi za sekondari za Marekani zina programu ya JROTC, na bunduki ya upepo ni mmoja wa michezo yake mikuu. Mshindani hupiga katika mikao mitatu: amelala, amesimama na amepiga goti. Katika mashindano mafupi ni risasi kumi kwa kila mkao, jumla 30, na alama za juu kabisa ni 300. Vyuoni wasichana na wavulana hushindana pamoja, na hapa Kentucky hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano: timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, kule Lexington, imetwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2011, 2018, 2021 na 2022. Mmoja wa wanafunzi wake, Will Shaner, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa alama 251.6. Shaner anatoka mji mdogo wa Colorado unaoitwa Rifle, yaani bunduki. Jambo hili hatukulitunga.

Sasa turudi mezani, kwa maana ugomvi wote huanzia hapo. Kwenye kadi ya kimataifa ya mita 10, kumi yenyewe ni nukta ya nusu milimita. Risasi ina upana wa milimita 4.5. Tundu likigusa tu mstari wa duara la juu, mshindani hupewa alama ya juu. Linasikika kuwa jambo rahisi, mpaka uishike kadi mkononi. Karatasi haitoboki kama ngozi ya ngoma. Huchanika kidogo, kisha kingo zake hurudi ndani, na tundu huonekana dogo kuliko risasi iliyolipiga. Ndiyo maana kuna kipimo, kijiti chenye kioo cha kukuzia ambacho hutumbukizwa tunduni ili kuonyesha risasi ilifika wapi. Mhesabuji aliyechoka hukitumia kwa kadi tano za kwanza. Kwenye kadi ya 30 anatumia jicho, na jicho la mtu aliyechoka lina huruma kwa wengine na ukali kwa wengine, bila mwenyewe kujua.

Kosa la kupiga kadi ya jirani nalo si aibu ya wanafunzi tu. Kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Matthew Emmons wa Marekani alikuwa akiongoza fainali ya mikao mitatu mpaka risasi ya mwisho. Aliipiga kwenye shabaha ya jirani. Akapewa sifuri, akaanguka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nane, na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Aliyekosea ndiye anayelipa. Na yule ambaye kadi yake imeingiliwa? Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, hazimwachi njia panda: ikiwa haiwezekani kujua tundu lake ni lipi, hupewa lenye alama ya juu. Kwa hesabu hiyo, duara la saba la mwenzetu lilikuwa tisa. Alama tatu zaidi. Nafasi ya tatu ilikuwa yake, na kwa ziada ya alama moja.

Tulipoanza kulizungumza suala hili, jibu la kwanza la kila mtu lilikuwa mashine. Ni kweli zipo, na ni nzuri. Camp Perry, kule Ohio kando ya Ziwa Erie, ambako mashindano ya kitaifa yalianza kufanyika mwaka 1907, siku hizi kuna shabaha za kielektroniki, na alama huonekana kwenye skrini mbele ya mlengaji papo hapo. Zipo pia programu za kompyuta zinazosoma kadi za karatasi kwa skana. Siku chama chetu kitakapookota mfuko wa dola barabarani, tutazinunua. Lakini hebu tufikiri. Mashine ingesoma tundu la tisa na tundu la sita vizuri kabisa. Bado angehitajika mtu wa kusema kwamba duara hili lina matundu mawili na la jirani halina hata moja, na kwamba haki ni ipi. Na bado angehitajika mtoto anayethubutu kuuliza.

Majirani zetu wa Churchill Downs wanalijua hili vizuri. Derby ya 150, Mei 2024, Mystik Dan alimshinda Sierra Leone kwa pua, na Forever Young akawa karibu mno nyuma yao. Umati mzima ulisubiri picha ya mwisho, kisha picha ikaonyeshwa. Miaka mitano kabla, mwaka 2019, Maximum Security aliyetangulia kufika aliondolewa kwa kuwazuia wenzake njiani, na ushindi ukapewa Country House baada ya waamuzi kutazama video kwa karibu dakika 22. Mtaani kwetu watu walibishana wiki nzima. Walibishana, lakini wote walikuwa wameiona picha ileile.

Wazo lililotusaidia zaidi, hata hivyo, lilitoka Kenya. Mmoja wetu ambaye wazazi wake ni wa Kisumu alitukumbusha Fomu 34A. Kura za urais zikishahesabiwa kituoni, msimamizi hujaza fomu hiyo, mawakala wa wagombea huitia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa kituoni ili kila mtu aisome. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, namna fomu zilivyotumwa ilikuwa sehemu ya hoja. Mwaka 2022 picha za fomu ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, na watu wakajumlisha wenyewe majumbani. Kilichotugusa hapo si siasa. Wakala hasubiri kuwa na malalamiko ndipo aitwe aangalie. Kuangalia ni kazi yake, na sahihi yake ina mahali palipoachwa wazi panaisubiri.

Basi hilo ndilo tulilolipeleka kwa waandaaji wa mashindano madogo ya Februari, ambao walitukubalia tuwe wahesabuji wa kujitolea. Usalama hatukuugusa. Huo ni wa wasimamizi wa uwanja waliofunzwa, na wakisema acha, hata sisi tunaacha. Sisi tuliomba meza tu. Kadi ziliandikwa namba bila majina. Kila kadi ilihesabiwa na watu wawili ambao hawakuonyeshana karatasi zao. Wakitofautiana, wa tatu alichukua kipimo. Kisha kadi zenyewe, si karatasi ya majumlisho peke yake, zilibandikwa ukutani kwa mpangilio wa nafasi, hivi kwamba kadi ya kila mtu ilikaa kando ya kadi ya jirani yake wa siku ile. Na hakuna aliyeondoka kabla ya kusimama mbele ya kadi yake, kuitazama na kutia sahihi. Si haki ya kuomba tena. Ni hatua ya mwisho ya mashindano, kama kuvua koti la kulengea.

Siku ile kulikuwa na zamu nne za washindani sita sita. Zamani matokeo yalitoka saa mbili baada ya risasi ya mwisho, wakati ambapo nusu ya wazazi walikuwa wameshaondoka. Wengi wao hufanya kazi ya usiku Worldport, kituo cha UPS kwenye uwanja wa ndege, na Jumamosi mchana ndiyo saa yao ya kulala. Safari hii kadi za kila zamu zilipanda ukutani wakati zamu iliyofuata ikiendelea kupiga. Zamu ya nne ilipomaliza, tulichukua chini ya dakika 40 kufunga hesabu yote.

Tusijisifu kupita kiasi. Foleni ya sahihi ilikuwa ndefu, kwa sababu tulikuwa na kalamu mbili na moja ilikufa mapema. Kadi moja ilipotea kwa dakika kumi za jasho, kumbe ilikuwa imenata nyuma ya nyingine. Mzee mmoja aliyezoea utaratibu wa zamani alitwambia kwa upole kwamba tunafundisha watoto kutowaamini wakubwa. Tulimjibu kwa adabu, lakini hatukukubaliana naye, na mpaka leo hatukubaliani. Mkubwa ambaye kadi yake iko ukutani anaaminika kirahisi zaidi.

Matundu yaliyohitaji mtu wa tatu yalikuwa kumi na moja. Kati ya hayo, sita yalipanda alama moja na matano yakabaki yalivyokuwa. Hakukuwa na kadi yenye matundu mawili kwenye duara moja. Tulikuwa tumejiandaa kwa hilo kuliko yote, na halikutokea.

Mama yule wa mwanzo alikuja, moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa fulana yake ya rangi kali. Mwanawe sasa yuko nasi chuoni na alikuwa mmoja wa wahesabuji, kwa hiyo hakuwa na mtoto wa kumtazama. Hata hivyo alizunguka ukuta mzima. Aliomba kipimo, akauliza kinashikwaje, akakitumbukiza kwenye tundu la mtoto asiyemjua, akafumba jicho moja.

"Hii ni nane," alisema. "Mmeandika ngapi?"

Tulikuwa tumeandika nane.

Mashindano yajayo ni mwezi Novemba. Tunahitaji wahesabuji wanane, na mpaka sasa tuko watano. Walimu nao wanakaribishwa, mradi waje na miwani yao ya kusomea na kalamu zaidi ya moja.