KAMERA YA FOTO INAPOPIGA SINEMA



Tangu muhula huu ulianza, watu wanatuuliza kila siku: ile kamera nyeusi iliyo katika kabati ya biblioteke, ni ya kupiga foto ao ni ya kupiga filme? Tunajibu: ni ya mambo yote mawili. Lakini kupiga filme ni jambo moja, na kupiga filme inayofanana na sinema ni jambo lingine. Ndiyo sababu tumeandika kurasa hizi, kusudi kila kalasi ijue namna ya kuitumia bila kuiharibu na bila kumaliza batri bure.

Tena kuko sababu nyingine, iliyo kubwa kuliko hii. Wageni wengi wamepita hapa na kamera zao. Walipiga kwaya yetu, walipiga majengo, walipiga watoto wakiteka maji. Wakarudi kwao, na sisi hatujaona hata dakika moja ya zile filme. Na sasa, kati ya wazee waliofyatua matofali ya kalasi za kwanza, wamebaki wawili tu. Komite imepatana kwamba mbele ya mwisho wa mwaka tutawapiga filme wakieleza mambo waliyoyaona. Muzee akisha kusema neno lake vizuri, hatalisema tena namna ile ile mara ya pili. Kwa hiyo musome kwa uangalifu.

KAMERA HII NI NINI?

Inaitwa refleksi, sababu ndani yake kuko kioo kidogo kinachorudisha mwangaza juu mpaka kwenye tundu la jicho. Ukipiga foto, kile kioo kinaruka, pazia inafunguka, na mwangaza unaingia mpaka kwenye kibao cha elektroniki kinachoitwa kapteri. Ukipiga filme, kioo kinabaki juu muda wote. Ndiyo maana tundu la jicho linakuwa giza, na unatazama katika ekra ya nyuma tu. Usishituke, kamera haijakufa.

Mbele ya mwaka 2008, kamera za namna hii hazikupiga filme. Katika mwezi wa nane wa mwaka ule Nikon ilionyesha D90, refleksi ya kwanza yenye kupiga video. Mwezi uliofuata Canon ilionyesha EOS 5D Mark II, ambayo kapteri yake iko na milimetre 36 kwa 24. Watu wa sinema wakashangaa. Kamera za video za bei ile zilikuwa na kapteri ndogo kama ukucha, na kila kitu kilionekana wazi sawasawa, mbele na nyuma. Lakini kapteri kubwa inaweza kuacha uso wa mutu wazi na kufunika vitu vya nyuma kama kwa ukungu. Ndiyo sura tuliyoizoea katika sinema.

Katika mwezi wa tano wa 2010, kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa House, filme ya televizio ya Marekani, kilipigwa na 5D Mark II. Mwaka 2011, filme Like Crazy iliyopigwa na Canon 7D ilipata zawadi kubwa ya juri huko Sundance. Siku hizi viwanda vimehamia kamera zisizo na kioo, na refleksi nyingi zinauzwa okazio kwa bei ya chini. Kwa masomo kama yetu, ni nafasi nzuri.

MAMBO MATATU YA MWANGAZA

Mbele ya yote, geuza kamera kwa kazi ya mukono, maana yake wewe mwenyewe unachagua. Ukiiachia kamera ichague, itabadilisha mwangaza katikati ya maneno ya muzee, na picha itapanda na kushuka kama taa yenye mafuta kidogo.

1. Pazia. Wazee wanasema macho hayana pazia. Kamera iko nayo, na lazima uiamuru. Sinema inapiga picha 24 kwa sekunde moja. Katika kamera za sinema za zamani kulikuwa kisahani kinachozunguka, nusu wazi na nusu imefungwa, kwa hiyo kila picha ilipata mwangaza nusu ya muda wake, ni kusema 1/48 ya sekunde. Sisi tunaweka picha 25 na pazia 1/50. Ukiweka 1/500, mutu anayetembea ataonekana akirukaruka kama mududu, sababu kila picha ni kali mno na jicho halioni namna moja inavyoshikana na nyingine. Ukiweka 1/50, mukono unaopunga unaacha kivuli kidogo, na jicho linatulia.

Mbona 25 na siyo 24? Ni juu ya taa. Umeme wa inchi yetu ni wa Hertz 50, na ampule nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini kamera inaona. Pazia ya 1/50 inapokea kila mara miwako miwili kamili, basi kila picha inapata mwangaza ule ule. Ukiweka 1/60, mistari ya giza itapita juu ya ukuta.

2. Diafragma. Ni tundu lililo ndani ya objektifu. Namba ndogo, kama 1,8, ni tundu kubwa. Namba kubwa, kama 16, ni tundu dogo. Wengi wanachanganya hapo. Tundu kubwa linaleta mwangaza mwingi na ule ukungu wa nyuma. Lakini muangalie: kwa objektifu ya milimetre 50 iliyofunguliwa mpaka 1,8, ukiwa metre mbili mbele ya mutu, sehemu iliyo wazi haizidi sentimetre 20. Muzee akiegemea nyuma kidogo, macho yake yanapotea katika ukungu. Kwa mutu anayezungumza, muweke 4 ao 5,6. Sura ya sinema siyo ukungu mwingi. Ni kuona kile kinachopashwa kuonekana.

3. Iso. Ni nguvu ya kapteri kupokea mwangaza. Ukiipandisha, picha inaangaa, lakini inajaa chengachenga kama televizio isiyoshika vizuri. Anzeni na 100 ao 200 inje, 800 ndani ya kalasi. Iwe jambo la mwisho kupandishwa.

Sasa shida inakuja muchana. Saa sita, kwa jua kali, ukishika pazia 1/50 na iso 100, itakubidi ufunge diafragma mpaka 22. Ukungu wa nyuma umekwisha, na macho ya mutu yamekuwa mashimo meusi, sababu jua liko juu ya kichwa. Kuko kioo cheusi cha kufunga mbele ya objektifu, kama miwani ya jua, lakini sisi hatuna. Dawa ni kupanga saa: asubuhi kati ya saa moja na saa mbili, ao jioni tangu saa kumi. Ikishindikana, muketishe mutu chini ya baraza, uso ukitazama inje. Mwangaza unaoingia pale ni laini, na ni bure.

SHATI NYEUPE NA USO MWEUSI

Kitabu cha kamera hakitawaambia jambo hili vizuri. Kipimo cha mwangaza kilicho ndani ya kamera kinadhani kwamba dunia nzima iko na rangi ya wastani, siyo nyeupe na siyo nyeusi. Uniforme yetu ni shati nyeupe. Ukielekeza kamera kwa wanafunzi waliosimama mbele ya ukuta wa chokaa, inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwangaza. Mashati yanakuwa mazuri, na sura zetu zinapotea. Ndiyo maana katika filme nyingi tulizopigwa tunaonekana kama mashati yanayoimba.

Dawa ni hii: sogea karibu na uso, pima mwangaza juu ya uso wenyewe, weka namba zako, kisha rudi nyuma bila kuzigusa. Shati ikizidi kung'aa kidogo, hakuna neno. Tena chagua kitu cha giza nyuma ya mutu, mufano majani ya muembe, ukuta wa matofali, mulango wa mbao. Usimuweke mutu mbele ya dirisha. Hilo ni kosa la kila anayeanza.

Na rangi: mwangaza wa jua na wa ampule ya njano havifanani. Kamera inaweza kupangwa kwa jua ao kwa taa, lakini siyo kwa yote mawili pamoja. Zima taa na fungua madirisha, ao fanya kinyume.

MIKONO NA MIGUU

Kapteri inasoma picha mustari kwa mustari, toka juu mpaka chini. Ukigeuza kamera mbio, nguzo za nyumba zinainama kama zimelewa. Basi mugeuze polepole ao musigeuze kabisa. Trepie ikikosekana, kuko ufundi wa kamba: funga kamba katika tundu la vis lililo chini ya kamera, kanyaga mwisho wake, kisha vuta kamera juu mpaka kamba inyooke. Mikono itaacha kutetemeka.

Kila jambo mulipige mara tatu: kwa mbali, kwa wastani, na kwa karibu. Muzee na nyumba yake. Muzee toka kiuno mpaka kichwa. Kisha mikono yake peke yake, ile iliyofyatua matofali. Kila mara hesabu mpaka kumi mbele ya kusimamisha. Siku ya montaji mutatushukuru, maana ukiwa na mikono peke yake unaweza kukata sehemu ya maneno bila watazamaji kuona shimo.

SAUTI

Watu wanavumilia picha mbaya, lakini sauti mbaya wanaifunga. Mikro ya kamera inasikia kwanza vidole vyako na upepo. Muweke telefone inayokamata sauti karibu na kifua cha muzee, imefichwa chini ya kola, imewekwa bila mutandao kusudi mutu asipige katikati. Kisha mumoja apige makofi mara moja mbele ya kamera. Katika ordinatere mutatafuta picha ya mikono inapokutana na mushindo wake katika sauti, muviweke pamoja, na yote itafuatana. Ndiyo kazi ya kile kibao wanachopiga watu wa sinema, si mapambo.

BATRI NA KARTE

Tuko na batri moja na karte mbili. Ekra inakula batri, kwa hiyo muzime kamera kila munapozungumza. Tena refleksi nyingi za miaka ile zinakata zenyewe faili ikifika jiga 4; kwa 5D Mark II ni karibu dakika 12. Basi musiache kamera ikimbie saa nzima. Mwisho wa kila ulizo, simamisha, anza tena. Na hakuna anayefuta karte mbele filme haijanakiliwa mara mbili, katika mashini mbili mbalimbali.

HESHIMA YA WATU

Kuomba ruhusa ni mbele ya kufungua kamera, siyo kisha. Kwa mutoto, muulize muzazi. Mugonjwa na mutu aliyekimbia vita musimpige katika haya yake, hata akinyamaza. Askari, madaraja na viwanja vya ndege, musiguse bila karatasi ya wakubwa. Na kila aliyepigwa filme aione mbele ya watu wengine. Tusiwafanyie wazee wetu mambo yale tunayoyalalamikia.

Wengine watasema: sisi ni nani hata tupige sinema? Dieudo Hamadi ni mwana wa Kisangani. Filme yake Examen d'État ilitoka mwaka 2014. Ndani yake hakuna ndege wala bunduki: ni wanafunzi wa Kisangani wanaojitayarisha kwa mutihani wa Serikali, feza zinawakosa, wanakodi nyumba na kujifunza pamoja. Alishika kamera mwenyewe. Mwaka 2020 alitoa En route pour le milliard, juu ya watu walioachwa na vilema na vita ya siku sita ya mwaka 2000 mule Kisangani, wakishuka na muto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Filme ile iliingia katika orodha ya Cannes ya mwaka ule. Dunia ilitazama maisha tunayoyaona kila siku, sababu kulikuwa mutu aliyeyatazama kwa subira.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa kazi hii tunahitaji watu watano: wa kamera, wa sauti, wa maulizo, wa kuandika katika daftari kila kipande kilichopigwa, na wa kubembeleza watoto wasipige kelele. Ninyi wa mwaka unaotufuata, muje zaidi ya wengine, maana sisi tutaondoka na kamera itabaki mikononi mwenu. Siku ya posho saa nane tutafundishana katika biblioteke. Muje na daftari, na mikono safi.

Kwa jina la komite,
Mukubwa wa wanafunzi, kalasi ya mwisho